Kabla hujalegeza nati ya sampu

Kosa langu la kwanza gereji halikuwa la kuharibu gari. Gari lilitoka salama na mwenyewe akaondoka ameridhika. Kosa lilikuwa kwenye pipa. Nilikuwa nimetoa kulanti kuukuu, yale maji ya kupozea injini, kwenye rejeta, beseni limejaa mkononi, nikatazama huku na huku nikaona pipa la oili chafu liko wazi. Nikamimina. Alipokuja mchukuaji wa oili chafu, alizamisha kijiti chake mpaka chini ya pipa, akakitoa, akaona ncha yake inachuruzika maji ya kijani. Alifunika pipa akaondoka. Lita zote zile, kazi ya miezi, hakuzitaka hata kwa bure.

Sababu ni rahisi. Oili chafu ikiwa peke yake ina kazi: hupelekwa kusafishwa na kurudi kuwa oili tena. Ikishachanganyika na kulanti, petroli au maji ya breki, ni sumu tupu isiyo na mnunuzi. Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla hujauliza spana namba ngapi, uliza kitakachotoka kitalala wapi. Kila kitu na chombo chake, kimeandikwa ubavuni kwa maandishi makubwa, kimefunikwa mvua isiingie. Usitumie chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika tano. Kulanti nyingi zina ethilini glikoli, na ethilini glikoli ni tamu. Mbwa atairamba pale chini, na mtoto atainywa.

Oili yenyewe imwage injini ikiwa na joto kiasi, siyo ya moto wa kuunguza, ndipo inashuka na uchafu wake. Usiharakishe. Wanaoanza huona mkondo umekuwa uzi mwembamba, wakafunga nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Subiri mpaka yawe matone ya kuhesabika. Filta nayo ina oili ndani. Itoboe kichwani, igeuze juu ya beseni, iache mpaka kesho. Utashangaa kitakachokuwa kimekusanyika. Ikimwagika sakafuni, nyunyiza unga wa mbao au mchanga, fagia, weka kando na taka za oili. Ukiisukuma kwa maji hujasafisha, umeihamishia kwa mwingine tu.

Na usibadilishe oili kwa mazoea. Kitabu cha gari kinasema kilomita ngapi na oili ya namna gani. Kama unene wa oili ulioandikwa ni 5W-30, basi ni hiyo. Kujaza kupita alama ya juu si kulipenda gari: krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, huikoroga oili ikawa povu, nyingine ikavutwa kwenye njia ya hewa ikaungua, na moshi wa bluu ukatoka nyuma.

Kuna uchafu usioonekana kabisa, nao ndio unaonisumbua zaidi: gesi ya kiyoyozi. Gesi ya zamani, R-12, ilikuwa inakula tabaka la ozoni, ikaanza kuondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Iliyofuata, R-134a, haigusi ozoni, lakini kwa hesabu ya miaka 100 kilo moja yake hupasha dunia joto kama kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi. Sasa piga hesabu na mimi. Gari dogo hubeba kama gramu 500, yaani sawa na kama kilo 715 za kaboni dayoksaidi. Ukibonyeza vali ikatoa ule mlio wa "fsss" mpaka ukaisha, umefanya sawa na kuchoma lita 300 za petroli. Kwa sekunde chache! Kama huna mashine ya kuivuta gesi, hiyo kazi si yako, mpeleke mteja kwa aliye nayo. Na kumjazia gesi mtu ambaye mfumo wake unavuja, bila kutafuta tundu, ni kumwibia.

Upepo wa matairi pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo, siyo kwa teke. Namba ya kufuata iko kwenye stika ya mlango wa dereva. Ile iliyoandikwa kwenye tairi ni kikomo chake tu. Tairi laini huongeza mzigo kwa injini, hula mafuta, na huisha mabegani kabla ya wakati wake.

Utaambiwa pia kwamba filta chafu ya hewa hunywa petroli. Kwa gari la kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya hewa na petroli, kweli. Gari la kisasa lina kompyuta inayopima hewa na kupunguza petroli ifuatane nayo, hivyo utakachopoteza zaidi ni nguvu ya kuchomoka. Badilisha filta, ndiyo, ila usimwahidi mteja muujiza. Kama gari linakula mafuta, nenda kwenye plagi, kwenye sensa ya oksijeni, kwenye breki inayobana gurudumu.

Injini inayomisi, yaani inayokosa kuwasha petroli kwenye silinda, isikae hata siku moja. Petroli isiyoungua huingia kwenye masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi, na kuungulia humo, masega yakayeyuka. Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, ndicho inachokwambia. Wapo watakaokushauri uyatoe tu, gari liwe jepesi. Mle ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Jiulize mshauri wako anayataka ya nini. Mimi sijawahi kuyatoa yaliyo mazima, na mteja akisisitiza namrudishia ufunguo wake.

Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa. Pedi na viatu vya breki vya zamani vilikuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, na huwezi kuijua kwa macho.

Kazi ya kuosha gari nimeiweka mwisho ingawa ndiyo utakayoanza nayo, kila mgeni hupewa ndoo. Mtaro wa mvua mara nyingi huenda moja kwa moja mtoni, haupiti popote pa kusafishwa. Oshea kwenye nyasi au kokoto. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, mpira wa maji ubaki umefungwa mpaka wakati wa kusuuza gari. Injini yenye oili ifute kwanza kwa matambara, na matambara hayo yana pipa lake, lenye mfuniko wa bati.