Bibi Hakuwa Akibwabwaja

Swali la wiki: Kubwabwaja ni kusemaje hasa, na neno hili litumike wapi?

Kubwabwaja ni kusema ovyo, maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Neno lenyewe linajieleza: litamke polepole, utasikia midomo ikigongana mara mbili, bwa-bwa, kama ya mtu anayesema huku kinywa kimejaa chakula. Mlevi hubwabwaja. Mwanafunzi ambaye hakusoma naye hubwabwaja akiulizwa swali, mradi asionekane amenyamaza.

Wengi hulichanganya na kuropoka. Anayeropoka huwa anaeleweka vizuri sana. Kosa lake ni kutopima. Siri ya nyumba ikitoka mbele ya wageni, hapo mtu karopoka, na pengine kila alichosema ni kweli tupu. Kupayuka kuko karibu na hapo, ila mara nyingi kuna makelele ndani yake. Upuuzi ni jambo jingine. Umetokana na kupuuza, kwa hiyo ni hukumu ya msikilizaji kwamba maneno hayo hayafai kutiwa maanani.

Lakini lililonifanya niwaandikie ni kuweweseka. Bibi yangu alipougua, homa ilimpanda usiku akaanza kusema peke yake. "Anua nguo, mvua hiyo! Anua nguo!" Vidole vyake vilikuwa vikivutavuta shuka, kama mtu anayetoa nguo kambani. Alikuwa akimwita dada yake, aliyefariki miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Jamaa mmoja aliyekuja kumjulia hali akasema, "Bibi anabwabwaja tu huyo." Sikumjibu, maana ni mkubwa kwangu, ila neno lile lilinichoma.

Anayebwabwaja tunamlaumu, kwa kuwa angeweza kufunga mdomo wake. Anayeweweseka hana hiari. Yumo usingizini, au homa imemzidi. Kiswahili kimempa neno lake mwenyewe, neno lisilomdharau. Kwa nini tumnyang'anye na kumvisha la mlevi?

Kulipopambazuka homa ilikuwa imeshuka. Nilimnywesha uji, nikamsimulia aliyoyasema usiku. Akanyamaza kidogo, kisha akatabasamu.

"Zilikuwa sare zetu za shule, mjukuu wangu," akasema. "Zililowa zote."