Wadogo zangu wa mazoezi ya kufundisha, hiyo projekta itawaumbua

Jana nimepita dirishani kwa mwalimu mwanafunzi mmoja, kijana mzuri tu, kachomekea, andalio la somo safi, nikamkuta kawapa wanafunzi mgongo anachomoa na kuchomeka waya kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Darasa zima kimya linamwangalia kwa huruma, na huruma ya wanafunzi jamani, bora wakucheke. Nikasema ngoja niandike, maana kila mwaka mnakuja wapya ila makosa ni yaleyale, na mengi nimeyafanya mimi kabla yenu.

1. Jaribu vitu mapema. Sio dakika mbili kabla ya kipindi, jana yake. Washa kila kitu halafu nenda kakae dawati la mwisho kabisa uone kama unasomeka. Waya wa VGA haubebi sauti, wa HDMI unabeba, kwa hiyo kama una video na waya ni VGA tafuta spika au jiandae kusimulia mwenyewe.

2. Kwenye andalio, sehemu ya zana za kufundishia, usiandike "projekta" peke yake. Hapa nitakaa kidogo maana panauma.

Siku yangu ya kukaguliwa mada ilikuwa mzunguko wa damu. Nilikesha nikatengeneza slaidi 46, kipindi chenyewe dakika 40, sijui hesabu nilizipigia wapi. Moyo unadunda, mishale inaruka, kila neno linaingia likizunguka kama pia. Asubuhi mwalimu mwenyeji ananiuliza chaki utachukua? Nikamjibu kwa tabasamu, hapana madamu, leo ni kidijitali. Kidijitali! Nikilikumbuka hilo neno mpaka leo masikio yanapata moto.

Nachomeka, ukuta unatoa rangi ya bluu tu. Nachomoa, nachomeka. Nikaizima projekta niiwashe upya, na ninyi mnajua zile za taa ukishaizima hairudi hapo hapo, mpaka feni ipoze taa kwanza, basi nikasimama nayo pale kama tumefiwa. Msimamizi toka chuo yuko kwenye kona na fomu yake, kalamu inatembea, na mi sijafundisha hata neno moja, sasa anaandika nini?

Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, bonyeza Windows na P." Nikamwambia tulia. Akanyoosha tena, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, imewekwa ionyeshe kwenye kompyuta tu, ukibonyeza Windows na P unachagua." Nikamwambia kaa chini, mwalimu hapa ni nani? Nilisema hivyo kweli, mbele ya msimamizi, kwa sauti. Akakaa. Na mimi nikaendelea kuuhangaisha waya ambao haukuwa na kosa lolote mpaka dakika ya 22, msimamizi akachoka, akainuka, akabonyeza Windows na P, akachagua picha itoke pande zote mbili, moyo wangu huo ukutani unadunda. Darasa likapiga makofi, na hayakuwa ya kwangu.

Unadhani yaliishia hapo? Zimebaki dakika 18 na slaidi 46, nikaanza kuzikimbiza. Maandishi mekundu juu ya weusi, usiku kwenye kompyuta yalikuwa yanapendeza balaa, mchana na mwanga wa dirishani hayaonekani, ikabidi niwasomee yote mimi mwenyewe kama mtangazaji wa mpira. Kukazia somo hakuna, tafakuri ya somo hakuna, hitimisho ilikuwa kengele. Swali nililowahi kuuliza ni moja tu, damu ikitoka kwenye mapafu inaingia chumba kipi cha moyo, mtoto wa watu akafikiri weee akajibu "kile kinachokuja kikizunguka." Yaani hilo ndilo alilobaki nalo.

Nje msimamizi akaniambia kipindi chako leo kilihitaji umeme ukatike. Nikacheka kidogo ili mambo yapite. Kisha akasema na yule mtoto ulimkosea. La umeme nimelisahau zamani, la mtoto ndilo lililoninyima usingizi.

Wiki iliyofuata nikarudia mada ile ile mkondo mwingine. Nikachora vyumba 4 vya moyo sakafuni kwa chaki, wanafunzi wakawa damu, wanaingia kulia juu, kulia chini, wanapitia mapafuni, wanarudi kushoto juu, kushoto chini, wanatoka kwenda mwilini. Wawili wakagongana kwenye vali. Slaidi 3, na muda ukabaki.

3. Beba na nakala ya PDF kwenye fleshi, kompyuta ya watu ikikosa fonti yako maandishi yanaruka ovyo. Ndiyo, PDF itaua na mbwembwe zako zote za maneno kuzunguka. Vizuri tu.

4. Ukiwa katikati ya slaidi za PowerPoint bonyeza herufi B, ukuta unakuwa mweusi na macho yanarudi kwako, bonyeza tena inarudi.

5. Zima notifikesheni. Kuna mwenzetu ujumbe ulimshukia ukutani, wanafunzi wakamwita beibi mpaka anamaliza mazoezi.

6. Ukikosea ukaandika na maka peni ya kudumu kwenye ubao mweupe, pitisha ile inayofutika juu yake halafu futa ingali mbichi. Ila ubao wa kugusa usiuandike na kalamu yoyote kabla hujauliza, tafadhali sana, tafadhali, nimeona wakongwe wakiaibika.

7. Mtafute mapema kijana wa dawati la nyuma. Kila darasa analo, na wala si lazima awe mvulana wala awe nyuma. Wangu nilienda kumwomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa mbele ya darasa ndipo nilipomdhalilisha, na nisijisifu hapa, kiburi kilinichelewesha siku 4 nzima nikijiambia ameshasahau. Akanijibu "sawa mwalimu", ile sawa ya wanafunzi ambayo hujui umesamehewa au unafukuzwa. Nikamwomba awe ananifungia mitambo.

Ukaguzi wa pili nimeingia darasani nakuta projekta inawaka, waya umebanwa pembeni watu wasikanyage, picha imenyooka ukutani, na katikati ya meza yangu kaweka boksi la chaki. Nikamwangalia. Akajifanya anaandika tarehe.