Maswali Yenu: Daktari Anaomba Kumpiga Mama Mdogo Picha ya Shingo, Anaipeleka Wapi?

Mwezi huu barua za homoni zimekuja nyingi kweli na nyingi zinatoka huku kwetu nyanda za juu, nimechukua tatu tu ili nizijibu vizuri.

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika toka Tukuyu. Mama yangu mdogo ana rovu (uvimbe wa tezi ya shingoni) tangu sisi tuko wadogo, halikuwahi kumsumbua, ila mwaka huu ameanza kukonda wakati anakula vizuri tu, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika kwenye kisosi. Tukampeleka hospitali kubwa wakapima damu wakasema homoni ya tezi imezidi, ameanzishiwa karbimazoli, dawa ya kushusha hiyo homoni. Sasa kuna daktari kijana anasema kisa chake sio cha kawaida, anaomba akiandike kwenye jarida la madaktari na apige picha ya shingo. Mjomba amekataa kabisa, anasema wanataka kumfanyia majaribio. Mama mdogo yeye anasema amueni nyie. Tufanyeje? Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpeni pole mama mdogo, na mjomba mwambieni kwa heshima zote kwamba hapo kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya sana. Majaribio ni pale unapopewa dawa au kipimo ili wataalamu waone kinafanyaje kazi. Kuandika kisa ni tofauti, mgonjwa anatibiwa vilevile ambavyo angetibiwa, halafu daktari anaandika alichokiona, vipimo vilisemaje, dawa gani ilitumika na mwisho wake ulikuaje, ili daktari wa Sumbawanga au wa nchi nyingine akikutana na mgonjwa wa hivyo asianze kupapasa gizani.

Na visa vya namna hii vimesaidia watu jamani, hasa kwenye tezi. Mwaka 1891 huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alikuwa na mgonjwa mwanamke wa miaka 46 ambaye tezi yake ilikuwa imelala, yaani kinyume na mama mdogo, amevimba, mzito, baridi haimuishi. Akamchoma sindano ya maji yaliyokamuliwa kwenye tezi ya kondoo, baadae akawa anakunywa badala ya kuchomwa, na yule mama akaishi miaka 28 zaidi mpaka alipofariki 1919 akiwa na 74. Ilihesabiwa kwamba alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870! Mgonjwa mmoja tu, lakini kile kisa ndo kiliwafungulia watu njia ya dawa ambayo leo mamilioni wanameza kidonge kimoja asubuhi na kuendelea na kazi zao.

Sasa haki zake. Anayeamua ni mama mdogo mwenyewe, sio mjomba wala wewe, maana ana akili zake timamu na shingo ni yake, nyie mkae nae mumsomee fomu ya ridhaa pole pole kwa Kiswahili, na kama Kinyakyusa ndo kinamwingia zaidi basi mtafsirieni, halafu aseme yeye. Akikataa matibabu yanaendelea kama kawaida, hakuna mtu anaruhusiwa kumnunia wala kumrudisha nyuma kwenye foleni. Malipo huwa hakuna, msitegemee. Picha ikatwe chini ya midomo ili uso usionekane, jina lisiwepo. Ila hapa niwe mkali kidogo, kuficha jina peke yake hakutoshi kwa sehemu zetu, ukiandika "mama muuza ndizi mwenye rovu kubwa toka kijiji fulani cha Rungwe" kila mtu ameshajua ni nani, kwahiyo ombeni kusoma kilichoandikwa kabla hakijatumwa na mseme kipi kitolewe. Na ajue kabisa kikishatoka kwenye jarida na kuingia mtandaoni kukirudisha ni karibu haiwezekani.

Jambo jingine hukuniuliza ila siwezi kuliacha: kwenye karbimazoli, siku akipata homa na koo kuuma asiseme ni mafua ya baridi la huku, aache hicho kidonge na aende hospitali siku hiyohiyo apimwe chembe nyeupe za damu, maana kwa watu wachache hii dawa inazishusha mpaka mwili unashindwa kupigana na vijidudu.

SWALI: Daktari mi nko Makambako, nna kisukari cha ukubwani. Nimeambiwa kuna utafiti wa dawa mpya naweza kuingia, ila kundi langu litapangwa kwa kura. Mke wangu anasema naweza kuangukia kwenye dawa hewa nikafa bure. Kwanini wasinipe tu hiyo mpya kama ni nzuri?

JIBU: Kwasababu hakuna anayejua bado kama ni nzuri kaka, na hiyo kura ndo inayomzuia mtafiti asiwapangie dawa mpya wale wenye nafuu halafu aje kuisifia.

Nikupe mfano wa homoni hizihizi. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba wanawake waliokoma hedhi wakipewa homoni wanalindwa moyo, walikuwa wanawaona wanaotumia wako fiti. Marekani wakafanya utafiti wa kura kwa wanawake 16,608, nusu homoni mbili kwa pamoja, nusu plasebo (ndo hiyo dawa hewa), na mwaka 2002 wakausimamisha kabla ya muda wake maana waliopewa homoni ndo walizidi kupata saratani ya matiti, kiharusi na magonjwa ya moyo. Bila kura na bila lile kundi la pili wangeendelea kuandikiwa tu kwa nia njema.

Wasiwasi wa shemeji naueleza hivi: kwa ugonjwa kama sukari ambao tayari una dawa inayojulikana, utafiti wa halali haukuachi bila tiba, mara nyingi unaendelea na dawa zako halafu juu yake ndo unawekewa mpya au plasebo. Lakini usibahatishe, uliza, na uoneshwe imeandikwa. Uliza kibali cha maadili, kwa Tanzania utafiti wa dawa unapitia kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na pia TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na namba ya simu ya kamati inatakiwa iwe kwenye fomu, sio ya mtafiti tu. Uliza nikiumia nani ananitibu na kwa hela ya nani. Alafu hili watu wengi wanalisahau, uliza utafiti ukiisha na mimi dawa imenikubali nitaipata wapi, maana kupewa kitu kizuri mwaka mzima halafu kukatiwa ghafla sio haki hata kidogo. Chukua nakala ya fomu nenda nayo nyumbani usome na mkeo, anayekuharakisha usaini palepale dirishani muogope. Na hata ukisaini leo, kesho unaweza kutoka bila kueleza sababu. Chonde chonde usiache dawa zako za sasa kwa kusubiri mpya.

SWALI: Naitwa mama wa Uyole. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna dada ameweka picha shingo kabla na baada, anasema rovu lilikwisha kwa matone ya madini joto, anauza chupa. Mi ninalo lina vinundu. Na mdogo wangu mjamzito ana tezi iliyolala, anameza levothairoksini pamoja na vidonge vya damu asubuhi na chai ya maziwa, ni sawa?

JIBU: Usinunue mama, naomba sana. Ni kweli huku kwetu udongo umesombwa madini joto na mvua za milimani, ndo maana Mbeya na Iringa zilikuwa na rovu jingi mpaka serikali ikagawa vidonge vya mafuta yenye madini joto miaka ya 80 na baadae ikaja chumvi yenye madini joto. Na kukinga kunawezekana, pale Akron, Marekani, karibu 1917, wasichana wa shule 2,190 waliopewa madini joto ni 5 tu walipata rovu, wasiopewa 2,305 walipata 495. Lakini wale walikuwa watoto, walipewa kwa kipimo. Rovu la zamani lenye vinundu kama lako likimwagiwa madini joto mengi kwa mkupuo linaweza kuamka na kutoa homoni kupita kiasi, Zimbabwe waliliona hilo miaka ya 90 chumvi yenye madini joto ilipoingia kwa wingi. Picha mbili za mtu mmoja hazikwambii rovu lake lilikuwa la aina gani. Wewe kapime TSH, kipimo cha damu kinachoonesha tezi inavyofanya kazi, na upigwe ultrasaundi ya shingo, chumvi ya kawaida ya pakiti endelea nayo, ifunike vizuri, isikae wazi juani wala karibu na mvuke wa jiko.

Mdogo wako hapana, sio sawa, madini chuma yaliyo kwenye vidonge vya damu na maziwa vinazuia dawa isiingie mwilini. Levothairoksini ameze na maji matupu akiamka, asubiri nusu saa mpaka saa nzima ndo anywe chai, vidonge vya damu avihamishie usiku, vipishane angalau masaa manne. Na asingoje kliniki ya mwezi ujao, aende wiki hii apimwe TSH, ujauzito mara nyingi unataka dozi iongezwe mapema na mtoto tumboni miezi ya mwanzo anategemea homoni ya mama yake tu.