Kware wangu wana vidonda utosini na mayai hakuna, tatizo nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Tabata, nimepanga chumba na sebule, nafuga kware 8 kibarazani. Sasa wana wiki 9. Kizimba kina urefu futi 3, upana futi 2, na kwenda juu futi 2, juu nimeweka wavu wa waya. Nawalisha layers ya kuku, kile chakula cha kuku wa mayai. Mpaka leo sijaona hata yai moja na aliyeniuzia alisema wiki ya 6 wanaanza. Halafu watatu wana vidonda utosini, mmoja ngozi imefunuka kabisa, mke wangu anasema wanadonolewa na madume tuwatoe. Usiku nasikia pu! pu! Kwa ajili ya paka nawafunika turubai kuanzia saa 11 jioni, nafunua saa 1 asubuhi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni na mke wako, ila madume msiwaonee bado. Dume akidonoa au akipanda sana utaona manyoya yameng'oka kisogoni, shingoni na mgongoni. Kidonda cha utosini pamoja na hiyo pu! pu! ya usiku ni dari. Kware akishtuka hakimbii kama kuku, anaruka wima kama mshale, na futi 2 ndo kimo kibaya kabisa kwake kwa sababu anapata nafasi ya kushika kasi kabla hajagonga waya. Nimeshawahi kumshika jike wa namna hiyo mkononi, ngozi ya kichwa imerudi nyuma kama kitambaa na fuvu jeupe linaonekana, na alipona, kwahiyo huyo wako usimkatie tamaa. Mtenge peke yake maana wenzake wakiona damu wanaifuata, msafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, paka ayodini ya duka la dawa, na usimrudishe mpaka pakauke.

Kizimba shusha dari mpaka sentimita 25 au 30, yaani futi moja tu, na kwa ndani ubane sponji la godoro kuukuu au kiroba kilichokazwa, akiruka agonge laini. Eneo la chini linatosha sana kwa ndege 8, usihangaike. Kitundike ukutani paka asiweze kutua juu yake maana hata asipowagusa, kile kivuli chake tu kinawarusha wote.

Sasa mayai. Hapa turubai ndo limekuponza. Kware anataga kwa kusikiliza mwanga, anataka masaa 14 mpaka 16 kwa siku, na huku kwetu jua lenyewe linatoa kama 12 tu mwaka mzima, we ukifunika saa 11 na kufunua saa 1 umewaachia masaa 10, mwili wake unaona bado sio wakati wa kuzaa. Fungua saa 12 asubuhi, jioni washa balbu ndogo ya LED mpaka saa 3 usiku, kila siku muda ule ule. Wengine wanapenda kuongeza mwanga alfajiri, ila kwa nyumba za kupanga sikushauri, dume ataanza kuwika saa 10 na majirani watakuchukia bure. Turubai funga pande tatu za upepo, mbele paache wazi. Na usizime taa ghafla wakabaki gizani wakaanza kuruka tena, acha taa ya nje iwake dakika kumi hivi wapate kutulia.

Chakula nacho kimepungua nguvu. Layers ya kuku ina protini kama 16 au 17 kwa mia, kware anayetaga anataka 20. Changanya nusu kwa nusu na starter ya broila, yaani chakula cha vifaranga wa kuku wa nyama, na maganda ya konokono yaliyosagwa weka kwenye kopo la pembeni kila mmoja ajipimie. Waweke na beseni la mchanga mkavu wajigaragaze, utafurahi mwenyewe ukiwaona wanavyorusha mchanga, na wadudu wa manyoya wanapungua.

Ukishaongeza mwanga wape wiki mbili mpaka tatu. Yakija mayai usiwaachie ukitegemea wataatamia, hawa wa kufugwa silika hiyo wameshaipoteza, anataga na kupita zake, kama unataka vifaranga ni mashine, siku 17 au 18.

Kitu kimoja kikague leo leo, vifua. Dume kifua chake ni rangi ya kutu tupu, jike ana madoadoa meusi. Kwa ndege 8 wanatosha madume wawili, ukikuta watano ujue aliyekuuzia alikuuzia sauti, hapo hata taa haitakupa mayai mengi, kabadilishane naye upate majike.