Muulize Fundi: Chromebook ya bei poa itatufaa mimi na mwanangu?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mwalimu wa msingi hapa Morogoro. Juzi Kariakoo nimeona vilaptopu vidogo vimeandikwa Chromebook, used kutoka Marekani, laki mbili na themanini, wakati laptopu ya kawaida wananitajia laki tano mpaka sita. Muuzaji anasema kila kitu kinakaa mtandaoni kwa hiyo hata ikifa kazi zangu hazipotei. Mimi nafanya maandalio ya masomo, mitihani, matokeo na WhatsApp basi. Ila binti yangu anaingia chuo mwaka huu kusoma uhasibu, nilitaka tutumie hiyohiyo. Ninunue au napigwa? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu wangu, kwa kazi zako wewe inafaa, kwa binti hapana, na hiyo ya Kariakoo usitoe hela mpaka uikague mambo mawili ambayo wauzaji wengi hawayasemi, wengine hata hawayajui.

Chromebook zilianza kuuzwa 2011, zinatumia mfumo wa Google unaitwa ChromeOS, na karibu kazi zote zinafanyika ndani ya brauza ya Chrome. Ndo maana unakuta ina RAM GB 4 na nafasi GB 32 tu na bado inawaka ndani ya sekunde chache. Nyingi zilinunuliwa na mashule huko Marekani kwa ajili ya wanafunzi, zikichoka zinauzwa kwa jumla, na hapo ndo zinapofika kwetu.

Sasa shida inaanzia hapohapo. Shule ikisajili mashine kwenye mfumo wake, usajili ule haufutiki kwa kufuta mashine, yaani hata ukiisafisha yote ikishaunga intaneti tu inarudi kukuambia inasimamiwa na shule fulani na inadai akaunti ya hiyo shule, na wa kuitoa ni hiyo shule yenyewe. Kwa hiyo ukiwa dukani, kwenye skrini ya kuingilia bonyeza Ctrl, Alt, Shift na R kwa pamoja, kubali iwake upya na ifute kila kitu, halafu washa hotspoti ya simu yako uiunge. Ikikubali Gmail yako mwenyewe, sawa. Ikitaja shule, mrudishie mashine yake, na akikwambia kuna kijana ataitoa hiyo kwa elfu ishirini usikubali.

La pili ni apdeti. Kila modeli ya Chromebook ina tarehe ya mwisho ya kupata apdeti. 2023 Google walitangaza miaka 10, ila inahesabiwa tangu hiyo modeli ilipotoka, sio siku unayonunua wewe, na zile za zamani zilipewa muda mfupi zaidi. Ikishapita mashine haizimi, inaendelea, ila brauza inabaki ya kizamani, usalama unapungua, na taratibu tovuti zinaanza kukukatalia. Ukishaingia nenda kwenye mipangilio, sehemu ya Kuhusu ChromeOS, fungua maelezo ya ziada utaiona tarehe. Ikiwa imebakiza chini ya miaka miwili mimi nisingenunua hata kwa laki mbili.

Alichosema muuzaji kuhusu kazi kutopotea ni nusu ya ukweli. Kilichoko Google Drive, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Google, kipo salama, lakini ulichodownload kinakaa kwenye mashine na ukiifuta kinafutika nayo. Na Drive ya bure ni GB 15, humohumo ndo kuna Gmail, picha, na hata bakapu ya WhatsApp ya simu yako ya Android, hivyo itajaa mapema kuliko unavyodhani. Bando likiisha bado unaweza kuandika, ila lazima uwe umewasha kabla ile ya kutumia Docs (programu ya Google ya kuandikia) bila mtandao. Wengi hawaiwashi halafu wanasema mashine mbovu.

Maandalio na mitihani utaandika vizuri tu, WhatsApp inafunguka kwenye brauza, flashi inasoma. Ukipeleka mtihani steshenari kuprinti ugeuze kwanza PDF maana ukipeleka Word iliyotoka Docs majedwali yanaweza kuhama na wewe umeshalipia karatasi. Faili la matokeo kama ni Excel yenye makro, zile za kubonyeza kitufe inapanga nafasi yenyewe, hiyo haitafanya kazi, makro za Excel haziendeshwi kwenye brauza.

Na hapo ndo namtoa binti. Uhasibu ana uwezekano mkubwa wa kukutana na programu za hesabu kama Tally na QuickBooks ya kuinstoo, na SPSS ya kuchambua takwimu akifika kwenye utafiti, na programu hizo za Windows haziingii kwenye Chromebook. Mafundi watakwambia tunaweka Windows. Inawezekana kwa baadhi ya modeli, inabidi kubadilisha mpaka firmwea, yaani programu ya ndani inayoiwasha mashine, na mara nyingi unabaki na mashine isiyotoa sauti au padi ya kugusa haifanyi kazi, na kwenye hizo GB 32 Windows yenyewe ndo inajaza karibu zote.

Kama hela ni ya mashine moja tu, nunua ya binti: laptopu ya Windows kama Dell Latitude au Lenovo ThinkPad used, yenye SSD (diski ya kasi), RAM GB 8, na wewe maandalio utayafanya humohumo akiwa likizo, akiwa chuo endelea na simu kwanza. Chromebook yako inaweza kusubiri.