Kitani kimetoka madoadoa

SWALI: Nilinunua mita 5 za kitani ghafi Kariakoo, nikakitia rangi ya buluu. Huku imekolea, kule imepauka. Nimeuziwa rangi mbovu? – Fundi, Temeke

JIBU: Rangi haina kosa, fundi. Kitani ghafi kina nta na pektini (gundi ya asili ya mmea) zinazozuia maji kupenya. Dondosha tone la maji juu ya kitambaa kikavu: likikaa bila kunyonywa, hakijawa tayari.

Kuziondoa, kwa kilo 1 ya kitambaa, weka lita 20 za maji, gramu 100 za soda eshi (kaboneti ya sodiamu) na kijiko cha sabuni ya maji. Chemsha kwa moto mdogo saa 2 ukigeuzageuza, kwani sehemu inayoelea juu ndiyo itakayobaki na doa. Suuza kwanza kwa maji ya moto. Ya baridi hugandisha nta upya. Sufuria zetu za alumini hazifai, soda huzila. Maji ya kisima yenye chokaa hushikana na sabuni yakaacha utando, heri ya mvua.

Viwanda vingine hutumia kimeng'enya cha pektinesi, kinachovunja pektini, katika joto la chini zaidi, kisichochosha nyuzi. Ukitaka kukifanya kitani kiwe cheupe, tumia haidrojeni peroksaidi, klorini hukidhoofisha.