Umeapgredi laibrari logu zikakata? Achana na xml kwanza, angalia dipendensi

Mkuu, nimekuelewa: programu yako ni ya Java, umepandisha slf4j-api (laibrari ya logu) kutoka 1.7 kwenda 2.0, bildi imepita fresh, programu inawaka na kazi inafanya ila logu kimya, na umeshinda kwenye logback.xml, faili la mipangilio ya logu, unabadilisha level na pattern hakuna kinachotokea. Aisee liache hilo faili. Kama hukuligusa wakati wa kuapgredi na logu zimekata mara tu baada ya hapo, basi mchawi karibu kila mara yuko kwenye dipendensi, yaani laibrari ambazo programu yako inazitegemea, na hiyo xml hata haijasomwa, kwa hiyo unaweza kuihariri mpaka asubuhi.

Washa programu kwenye teminali halafu pandisha juu kabisa usome mistari ya mwanzo, ile ambayo wengi wanairuka kwa sababu haina wekundu na programu inaendelea kama kawaida. Utakuta hii:

SLF4J: No SLF4J providers were found.

Chini yake kidogo kutakuwa na mstari unaosema klasipathi (orodha ya mahali Java inapotafuta klasi) ina bindings, yaani viunganishi vya logu, za 1.7.x au za nyuma zaidi, kisha "Ignoring binding found at" ikifuatiwa na njia ya jari (faili la .jar, laibrari iliyofungashwa) lenyewe. Huo mstari usiupite, umekutajia mhusika kwa jina na namba ya toleo.

Iko hivi. slf4j-api ni dalali tu, kodi yako inaongea naye lakini anayeandika logu ni mwingine, Logback au Log4j. Mpaka 1.7 dalali alikuwa anamtafuta fundi kwa klasi moja inaitwa StaticLoggerBinder. Kuanzia 2.0 wakaachana nayo, sasa anatumia ServiceLoader ya Java, yaani anafungua folda ya META-INF/services ndani ya majari anaangalia nani kajiandikisha. Logback 1.2 haijajiandikisha huko, inajua njia ya zamani tu, so hawaonani ingawa wote wako kwenye klasipathi moja. Kwa hiyo 1.7 inaenda na Logback 1.2, na 2.0 inaenda na Logback 1.3 kupanda. Kama bado uko Java 8 chukua 1.3, maana 1.4 na 1.5 zinataka Java 11. Kwa wa Log4j mtego ni tarakimu moja tu: log4j-slf4j-impl ni ya 1.7, log4j-slf4j2-impl ni ya 2.0, unaweza kuzitazama zote mbili na usione tofauti.

Na kama uko Spring Boot 2 (fremuweki ya Java) usilazimishe slf4j 2.0, yenyewe inaitafuta StaticLoggerBinder moja kwa moja, utapigwa NoClassDefFoundError na haitawaka. Baki na toleo ililokupa au hamia Boot 3, ila hiyo inataka Java 17.

Sasa nani kaileta hiyo slf4j 2.0? Hapa ndo penye utamu, maana mara nyingi siyo wewe. Kuna mradi tulipandisha laibrari ya foleni za meseji tu, slf4j hakuna aliyeigusa, kumbe ile laibrari imebeba slf4j-api 2.0 tumboni. Gradle (zana ya kubildi, kama Maven) toleo zikigongana inachukua la juu zaidi, ikapandisha api kimyakimya na Logback ikabaki 1.2 palepale. Kwenye ripoti ilionekana 1.7.36 -> 2.0.7, kamshale kadogo katikati ya mistari kibao. Maven yenyewe haijali la juu, inachukua lililo karibu na mradi wako kwenye mti, zikilingana umbali inachukua lililotangulia kuandikwa, ndo maana dipendensi zilezile zinaweza kukupa majibu tofauti ukihama kutoka Maven kwenda Gradle. Piga:

mvn dependency:tree -Dincludes=org.slf4j,ch.qos.logback

au kwa Gradle:

gradle dependencyInsight --dependency slf4j-api --configuration runtimeClasspath

Ukishamjua funga toleo sehemu moja, dependencyManagement kwa Maven au platform kwa Gradle. Mambo ya kuweka exclusion (kuikataza laibrari moja isilete nyingine) huku na kule mi siyapendi, baada ya muda hakuna anayekumbuka kwa nini ziliwekwa. Pia angalia usiwe na log4j-over-slf4j pamoja na slf4j-reload4j, huyu anamtupia yule na yule anamrudishia, wanazunguka.

Kama inaandika vizuri kwenye mashine yako ila kwenye seva logu zinatoka na muonekano wa ajabu ambao hujawahi kuupanga, chunguza lile jari kubwa linalobeba kila kitu. Laibrari mbili zikiwa na faili la jina moja ndani ya META-INF/services, moja inaifunika nyingine wakati wa kufungasha, na unaweza kukuta slf4j-simple imemmeza Logback bila onyo lolote. Hakikisha hivi:

unzip -p app.jar META-INF/services/org.slf4j.spi.SLF4JServiceProvider

Inatakiwa itoke LogbackServiceProvider. Ikitoka nyingine, kwenye Maven Shade (plagini ya kufungasha hilo jari kubwa) weka ServicesResourceTransformer, kwenye Shadow ya Gradle ni mergeServiceFiles.

Hayo yote yakiwa sawa ndo urudi kwenye xml, na hata hapo usibahatishe. Washa na -Dlogback.statusListenerClass=ch.qos.logback.core.status.OnConsoleStatusListener itakuambia imesoma faili lipi na kutoka wapi, maana logback-test.xml ikiwepo inasomwa kabla ya logback.xml. Log4j 2 ni -Dlog4j2.debug=true, na wenye log4j.properties ya enzi za Log4j 1 msishangae, Log4j 2 inatafuta jina linaloanza na log4j2.

Atakayekwambia urudi toleo la zamani yaishe, kwa Log4j mkatalie, kwenye Java 8 usishuke chini ya 2.17.1 baada ya yale ya Log4Shell, lile tundu la usalama la Log4j la Desemba 2021.

Ikigoma tupia hapa mti wa dipendensi na mistari ile ya mwanzo, ila futa paswedi kwanza.